Ubingwa wa upasuaji wa ini na kongosho: jibu kwa daktari kijana wa hospitali ya mkoa

*"Shikamoo Daktari. Mimi ni daktari wa kike mwenye umri wa miaka 29, nafanya kazi katika hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Tanzania tangu nilipomaliza utarajali. Mwakani ninataka kuomba nafasi ya kusomea ubingwa wa upasuaji, na lengo langu ni kufika kwenye saratani ya ini na kongosho. Wazo hili lilinijia baada ya kumhudumia mama wa makamo aliyekuja macho yakiwa ya njano na mwili ukimwasha usiku kucha. Alikuwa ametibiwa malaria na homa ya ini kwa miezi miwili. CT skani ilionyesha uvimbe kwenye kichwa cha kongosho, tukampa rufaa, akaambiwa amechelewa. Wakubwa zangu kazini wananikatisha tamaa. Wanasema wagonjwa wa kongosho wote hufa, upasuaji wenyewe unahitaji mikono ya kipekee, nitalazimika kukaa nje ya nchi na nikirudi sitakuta vifaa, na kwamba mama mwenye mtoto mdogo haiwezi kazi hiyo. Nina mtoto wa miaka miwili. Je, wana haki? Na kama hawana, nianzie wapi?"*

Marahaba, Daktari. Umeuliza mambo manne, lakini nikisoma vizuri naona yote yanaegemea wasiwasi mmoja: kwamba utatoa zaidi ya miaka kumi ya ujana wako kujifunza kazi ambayo mwishowe haitamfaa mgonjwa kama yule mama. Wasiwasi huo una msingi, na ningekuwa na shaka na daktari yeyote anayeingia katika fani hii bila kuwa nao. Nitakujibu kadiri ninavyoifahamu kazi hii, pamoja na yale yasiyopendeza.

Nianze na hilo la kwamba wote hufa. Saratani halisi ya kongosho, ile inayoanzia katika vijirija vya tezi yenyewe, ni miongoni mwa saratani kali kuliko zote. Hata Marekani, ambako vipimo vipo kila mji, ni wagonjwa wapatao 13 tu kati ya 100 wanaofikisha miaka mitano tangu kugunduliwa, na takriban mmoja kati ya watano ndiye anayekutwa uvimbe ukiwa bado unaweza kukatwa. Wakubwa zako hawajabuni jambo. Kosa lao ni kuuweka kila uvimbe wa eneo lile katika kapu moja. Mgonjwa mwenye macho ya njano na uvimbe karibu na kichwa cha kongosho anaweza kuwa na saratani ya kongosho, lakini pia anaweza kuwa na saratani ya mlango ambapo mrija wa nyongo unaingia kwenye utumbo, au ya sehemu ya chini ya mrija wenyewe, au uvimbe wa chembe zinazotengeneza homoni, ambao hukua polepole, au hata uvimbe wa kuvimba tu usio saratani kabisa. Saratani ya ule mlango, kwa kuwa huziba nyongo mapema na kumfanya mgonjwa abadilike rangi ikiwa bado ndogo, ina matokeo bora zaidi: kati ya wanaofanyiwa upasuaji kwa wakati, theluthi moja hadi nusu huweza kuvuka miaka mitano. Anayesema "ni kongosho, mwacheni" kabla ya kujua ni uvimbe gani, anamhukumu mgonjwa bila kesi kusikilizwa.

Hata kwa saratani halisi ya kongosho mambo hayajasimama. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanyika Ufaransa na Kanada kwa wagonjwa waliokwishakatwa uvimbe na waliokuwa na nguvu za kutosha. Waliopewa mchanganyiko wa dawa kadhaa za tibakemikali baada ya upasuaji, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 54, wakati kwa waliopewa dawa moja ya zamani kipimo hicho kilikuwa miezi 35. Hao ni wagonjwa waliochujwa, na dawa hizo ni ngumu kwa mwili na kwa mfuko. Hata hivyo, miaka minne na nusu kwa mzazi mwenye watoto wanaosoma si jambo dogo, na mpasuaji peke yake hawezi kuifikisha.

Sasa tuje kwenye mikono, kwa sababu hapa ndipo uvumi unapowapotosha vijana wengi wazuri. Upasuaji mkubwa wa kichwa cha kongosho unabeba jina la Allen Whipple wa New York, aliyeuelezea mwaka 1935, ingawa Walther Kausch wa Berlin alikuwa ameshaufanya mwaka 1909. Ndani yake huondolewa kichwa cha kongosho, duodeni (sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba), kifuko cha nyongo, sehemu ya mrija wa nyongo na mara nyingine kipande cha tumbo, kisha mpasuaji hurudisha njia kwa kuunganisha upya kongosho, mrija wa nyongo na tumbo kwenye utumbo mwembamba. Huchukua saa nne hadi nane. Kwa miongo kadhaa, hadi miaka ya 1970, katika hospitali nyingi karibu robo ya waliofanyiwa walikufa kabla ya kwenda nyumbani, na baadhi ya mabingwa wa wakati huo walipendekeza hadharani kwamba uachwe. Leo, katika hospitali zinazoufanya mara kwa mara, vifo hivyo vimeshuka hadi wagonjwa wawili au watatu katika 100. Mikono ya binadamu haikubadilika katika muda huo. Kilichobadilika ni hospitali.

Ili uelewe kwa nini, inabidi ujue kinachoua baada ya upasuaji huu. Kongosho hutengeneza maji yenye vimeng'enya vya kusaga nyama na mafuta, na ndani ya tezi vimeng'enya hivyo hukaa vimelala hadi vikutane na maji ya utumbo. Tunapokata kichwa na kushona kisiki kilichobaki kwenye utumbo, tunashona tezi ambayo, kwa mgonjwa asiye na makovu ya ugonjwa wa muda mrefu, ni laini kama siagi iliyoachwa juani, yenye mrija ambao mara nyingine haufiki milimita tatu. Uzi hukata nyama. Mshono unavuja kwa wagonjwa 10 hadi 20 katika kila 100, hata mikononi mwa mabingwa wakubwa duniani. Maji yaliyovuja huchanganyika na ya utumbo, vimeng'enya vinaamka, na kinachofuata ni mwili kujisaga wenyewe: mafuta ya tumboni yanaoza, usaha unajikusanya, na hatari kuu ni kwamba ukuta wa kisiki cha ateri tuliyoifunga jirani na hapo unaliwa taratibu. Wiki moja au mbili baada ya upasuaji, mgonjwa ambaye alishaanza kutembea na kula uji anaanza kutoa damu kidogo kwenye mpira wa kutolea maji tumboni. Ile damu kidogo ni onyo. Saa chache baadaye inaweza kuja kubwa ambayo humaliza mtu kitandani.

Katika hospitali moja, muuguzi wa zamu ya usiku ataona rangi ya maji imebadilika, atampigia daktari simu saa hiyo hiyo, benki ya damu itafungua mlango, CT skani itafanyika, na mtaalamu wa mionzi ataingiza mrija mwembamba kupitia mshipa wa paja na kuziba ateri inayovuja bila kisu. Katika hospitali nyingine, muuguzi huyo ana wagonjwa 40, damu haipo, skani imeharibika, na mpasuaji aliyefanya kazi nzuri mchana wa Jumatatu amelala kwake. Mshono ulikuwa ule ule. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walilinganisha hospitali kwa idadi ya upasuaji wa kukata kongosho wanaofanya kwa mwaka. Katika zile zinazofanya mara chache mno walikufa zaidi ya wagonjwa 16 katika 100, na katika zile zinazofanya nyingi mno walikufa chini ya wanne. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba matatizo baada ya upasuaji mkubwa hutokea karibu sawa kote, na tofauti kubwa iko katika uwezo wa kumwokoa mgonjwa matatizo yanapotokea.

Ndiyo maana nakwambia kwamba mikono yako, ikiwa inaweza kushona utumbo uliotoboka saa tisa usiku bila papara, huenda inatosha. Inafundishika. Kinachochukua miaka mingi zaidi ni kuamua. Utakaa mbele ya picha za CT ukipima kama uvimbe umeikumbatia ateri kubwa inayolisha utumbo au umeigusa tu, na jibu la swali hilo moja ndilo linaloamua kama mgonjwa apelekwe chumba cha upasuaji, au aanze dawa kwanza ndipo apimwe tena, au asikatwe kabisa. Wengi wa wagonjwa wako hutawakata. Kwao utahakikisha nyongo inazibuliwa kwa stenti, kijirija kinachowekwa ndani kuuacha mrija wazi, ili mwasho ukome na wapate usingizi, maumivu yanadhibitiwa kwa morfini ya kutosha, na mtu wa tiba shufaa, ile ya kupunguza mateso, anaingia mapema, kabla familia haijauza shamba kufuata upasuaji usio na faida. Yule mama uliyemhudumia alistahili hayo yote hata kama alikuwa amechelewa kukatwa. Daktari anayeona wagonjwa hao kama walioshindikana hafai kwa fani hii, hata awe na vidole vya namna gani.

Kuhusu ini, habari ni tofauti kidogo na kwa ukanda wetu ni kubwa zaidi. Ini ni kiungo kinachojiotesha: mtu mwenye ini zima anaweza kubaki na robo yake tu, na ndani ya wiki na miezi likarudi kukaribia ukubwa wake. Lenye makovu ya ugonjwa sugu halina uwezo huo, na kwalo tunahitaji kubakiza karibu asilimia 40 au tusiliguse kabisa. Linakatika kwa usalama kwa sababu ya ramani. Mfaransa Claude Couinaud, katika miaka ya 1950, aliligawa katika vipande vinane, kila kimoja kikiwa na damu yake na mrija wake wa nyongo. Ningependa umjue pia Tôn Thất Tùng wa Hanoi. Katika miaka ya 1930, Vietnam ikiwa chini ya ukoloni, akiwa daktari kijana, alichambua zaidi ya maini 200 ya maiti kwa kukwangua nyama polepole hadi mishipa ibaki mitupu, na mwaka 1939 akashiriki kukata sehemu ya ini la mgonjwa kwa kufuata ramani hiyo. Baadaye, nchi ikipita vita baada ya vita, alikuza njia ya kulipasua ini kwa vidole na kufunga mishipa mmoja mmoja, na dunia ikajifunza kwake. Namtaja kwa sababu wakubwa zako wanaamini kwamba fani hii ni mali ya nchi tajiri.

Saratani ya ini yenyewe, kwetu, humkuta mtu akiwa bado kijana. Chanzo kikubwa ni virusi vya homa ya ini aina ya B, na mwenzake ni sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Kenya iliona ukali wake mwaka 2004, pale sumukuvu ilipoua watu 125 katika mlipuko mmoja wa sumu ya ghafla, na Tanzania ikapata mlipuko wake mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kula sumu hiyo kidogo kidogo kwa miaka, na virusi vikiwa mwilini, ndiko kunakozaa uvimbe. Wagonjwa wengi hufika wakiwa wamechelewa, na wanaofaa kukatwa ni wachache. Naamini kwa dhati kwamba mpasuaji wa ini wa Afrika Mashariki asiyesimama kwenye redio ya mkoa kuzungumzia chanjo ya homa ya ini B na ukaushaji wa mahindi amefanya nusu ya kazi yake. Upande mwingine kuna saratani ya utumbo mpana iliyosambaa kwenye ini, ambayo madaktari wengi bado huiona kama mwisho wa safari. Kwa wagonjwa waliochaguliwa vizuri, kukata mabonge hayo na kutoa dawa huwafikisha takriban 40 katika 100 kwenye miaka mitano na zaidi. Hao ni watu ambao leo wanarudishwa nyumbani kwa sababu tu hakuna aliyeuliza.

Njia ni ndefu, na ni bora uihesabu mapema. Ubingwa wa upasuaji wa jumla utakuchukua miaka mitatu hadi mitano, kulingana na chuo. Unaweza kuupata kwa shahada ya uzamili katika vyuo vyetu, au kwa njia ya COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini chenye makao Arusha, ambacho hukufundisha ukiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa. Baada ya hapo fanya kazi ya upasuaji wa jumla kwa mwaka mmoja au miwili, hasa dharura. Ndipo uende kwenye ubingwa bobezi, kwa kawaida miaka miwili. Afrika Kusini ina vitengo vya siku nyingi, kama kile cha Groote Schuur kule Cape Town. Misri, kwa sababu ya mzigo wake wa homa ya ini C, imejenga utaalamu mkubwa wa ini na upandikizaji. India hupokea madaktari wengi kutoka kwetu. Utakuwa na miaka 37 au 38. Katika fani hii huo ni umri wa kuanza, na huna ulichochelewa.

Unapochagua mahali pa kusoma, uliza utakata nini kwa mikono yako mwenyewe. Kuna sehemu zenye sifa kubwa ambako mgeni hukaa miaka miwili akishika vyuma vya kuvutia ngozi huku wenyeji wakifanya kazi. Uliza pia kama utaruhusiwa kukaa na wagonjwa mahututi na kuhudhuria jopo la saratani kila wiki, kwa kuwa hayo ndiyo utakayoyahitaji ukirudi. Na hapa naufikia wasiwasi wa vifaa. Mpasuaji aliyerudi peke yake na cheti, akaanza kukata kongosho mara mbili kwa mwaka katika hospitali isiyo na mtu wa kuziba mshipa wala damu ya kutosha, anaweza kuwadhuru watu kwa nia njema. Kwa hiyo usiende peke yako. Kabla hujaondoka, zungumza na uongozi wa hospitali itakayokupokea ili daktari wa usingizi, muuguzi wa wagonjwa mahututi na mtaalamu wa radiolojia nao wapelekwe kwenye mafunzo, hata kwa miezi michache. Wizara ya Afya ina mpango wa ufadhili wa mabingwa na bobezi unaobeba jina la Rais Samia, na ombi linalohusu timu nzima lina hoja nzito kuliko la mtu mmoja. Ukubali pia kwamba upasuaji wa kongosho lazima ukusanywe katika hospitali chache za nchi, na huenda yako isiwe mojawapo.

Likikushinda hilo la mwisho, kuna njia nyingine yenye heshima kamili: kuwa bingwa wa upasuaji wa jumla katika mkoa wako, anayejua kuzitambua dalili hizi mapema, kuzibua nyongo, kukata kifuko cha nyongo kwa usalama bila kujeruhi mrija, na kumpeleka mgonjwa panapostahili ndani ya wiki badala ya miezi. Kwa hesabu ya maisha yanayookolewa, sina hakika kwamba bobezi angemzidi. Upandikizaji wa ini ni njia ya tatu, lakini unahitaji mfumo wa nchi nzima nyuma yako, nami nisingekushauri uuwekee matumaini ya kazi yako ya kwanza.

Kuhusu mtoto, sitakupamba kwa maneno. Kutakuwa na miaka ambayo atalala usiku bila wewe, na miaka miwili ya nje ya nchi itaumiza familia yoyote. Lakini wanaume wenye watoto wadogo huingia katika fani hii kila mwaka na hakuna anayewauliza swali hilo. Kinachoamua ni mpango: nani atamlea, mwenzi wako amekubali nini hasa, na kama unaweza kwenda naye. Mtandao wa wanawake wapasuaji chini ya COSECSA, uitwao WiSA, utakukutanisha na madaktari waliopita huko wakiwa na watoto, na wao watakupa majibu ambayo mimi siwezi kukupa.

Jambo ambalo maandishi hayatoshi ni kujua kama moyo wako unaiweza kazi yenyewe. Omba likizo yako ijayo uitumie katika hospitali ya taifa au ya kanda yenye kitengo cha saratani za ini na kongosho, ukiwa na barua ya mganga mfawidhi wako. Usiishie chumba cha upasuaji. Pita wodini alfajiri, kaa kwenye jopo, sikiliza jinsi daktari anavyomwambia mgonjwa kwamba hatakatwa, na mfuatilie mgonjwa mmoja hadi wiki ya pili baada ya upasuaji. Na ukiona kwamba vifo vya wagonjwa vinakufuata nyumbani, usingizi umekukimbia au umeanza kuogopa kwenda zamu, zungumza ana kwa ana na mtu wa afya ya akili, sasa au wakati wowote wa mafunzo, kama ambavyo ungemshauri mgonjwa wako.

Wakati huo huo kuna kazi ya kufanya kesho hapo ulipo. Mtu mzima yeyote anayekuja na macho ya njano bila maumivu makali, mkojo wa rangi ya chai, choo kilichopauka na mwasho, hasa akiwa amekonda au amepata kisukari ghafla ukubwani, apimwe ultrasaundi ya tumbo siku hiyo hiyo, na mirija ya nyongo ikionekana imetanuka apewe rufaa wiki hiyo. Waeleze matabibu wa vituo vya afya na zahanati zinazokuletea wagonjwa, andika dalili hizo kwenye karatasi moja na uibandike kwenye chumba cha wagonjwa wa nje. Huhitaji ubingwa kwa hilo, wala kibali cha mtu.